Kiti Kilichovuta Pumzi

Tepe kumi na mbili zilikwenda mbele, na mmoja ukarudi nyuma.

Mlezi aliuona akiwa amesimama mlangoni na trei ya vikombe vya dawa. Hakushtuka. Alikuwa amekuja kutafuta kosa, na mtu anayetafuta kosa akilipata hufurahi kwanza.

Ilikuwa saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa nyumba ya kutunzia wazee, wakati wa mazoezi ya kupumua. Wazee kumi na wawili walikuwa wameketi duara. Kwenye mkono wa kila kiti Mwalimu alikuwa amefunga kijiti, na juu ya kijiti utepe wa karatasi laini, ile ya kufutia mafua, ukining'inia usawa wa mdomo. Vuta kwa pua, moja, mbili. Toa kwa midomo iliyobanwa kama unapoza chai, moja, mbili, tatu, nne. Anayetoa vizuri, utepe wake unanyooka kuelekea katikati ya duara. Siku hiyo zote zilinyooka, hata wa Mzee Stesheni, aliyeendesha treni miaka thelathini na kuvuta sigara miaka hamsini.

Utepe wa kiti cha kumi na tatu, ambacho hakikuwa na mtu, ulirudi nyuma ukaganda hewani, pale ambapo mdomo wa mtu ungekuwa kama angekuwapo. Wazee walipovuta, ukaanguka. Walipotoa, ukarudi tena.

"Ni feni," Mlezi alijiambia. Akatazama juu. Feni ilikuwa imezimwa.

Kiti hicho kilikuwa cha Fundi, mshonaji mstaafu aliyekufa usingizini miezi miwili nyuma. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake: mkaazi akifa, kiti chake hakitolewi ukumbini mpaka aje mwingine wa kukikalia. Mwalimu alipoanza kazi hakujua hilo, akagawa vijiti kwa kuhesabu viti badala ya watu. Alipoelezwa alicheka, akasema, "Basi tumwachie wake. Tumpulizie na yeye, asijione mpweke." Wazee wakapenda sana. Tangu siku hiyo, zoezi la mwisho la kila asubuhi wote waligeuza nyuso na kupuliza kuelekea kiti cha Fundi, kumsalimia. Wiki sita walikipulizia kiti kitupu, na hakuna aliyeona vibaya.

Isipokuwa Mlezi, na yeye aliona vibaya kila alichofanya Mwalimu, yule binti.

Tuseme ukweli mapema: alikuwa na wivu. Si ule wivu mdogo wa kumwonea mwenzako viatu vipya. Huu alilala nao na kuamka nao. Miaka kumi na tisa alikuwa amewaogesha wazee wa nyumba ile, amewageuza vitandani, amejua nani anaficha kidonge chini ya ulimi na nani analia akiona picha za harusi. Hakuna siku aliyopigiwa makofi. Akaja binti na mfuko wa vijiti na karatasi, anakaa saa moja tu kwa siku, na ikifika saa tatu na nusu wazee wameshachana nywele wanamsubiri. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Wenyeji walikuwa wanapona kweli, na hilo ndilo lililomkera.

"Kupumua nako kunafundishwa?" aliwaambia wenzake jikoni. "Kesho tutaletewa mwalimu wa kupepesa macho."

Mwalimu alimwalika mara nyingi. "Dada, njoo nawe ukae, mgongo wako utapumzika." Mlezi alijibu kwamba yeye amepumua tangu kuzaliwa bila mwalimu, na mpaka leo hajakosea.

Lakini kidonda chenyewe kilikuwa chumba namba nne. Humo aliishi mama yake mzazi, mwenye kifua kibovu. Mlezi alikuwa mtoto wake wa pekee, na alimwangukia Msimamizi mara tatu kabla mama hajapewa kitanda. Utepe wa mama ulikuwa hautikisiki kabisa. Wiki ya tatu ulitikisika. Wiki ya nne ukapanda, na bibi kizee akacheka kama msichana, akaita, "Mwanangu, umeuona?"

"Nimeuona, mama," alijibu Mlezi kutoka mlangoni.

Mama hakugeuka. Alikuwa anamtazama Mwalimu, na Mwalimu alikuwa amepiga magoti mbele yake, ameshika mikono yake yote miwili.

Tangu siku hiyo "mwanangu" lilikuwa jina la Mwalimu. Mlezi aliendelea kuitwa "wewe": wewe, niletee maji, wewe, mbona uji umepoa.

Saa nane mchana nyumba ile hunyamaza. Wazee hulala, wapishi hukaa nje. Siku ileile aliyouona utepe ukirudi nyuma, Mlezi aliingia ukumbini kupiga deki, akafika kwenye kiti cha Fundi, akaweka mkono juu ya mto. Mto ulikuwa na joto. Akainama, na pua yake ikapata harufu ya sanduku la nguo lililofungwa miaka mingi, na chini ya harufu hiyo nyingine, ya kinywa cha mtu ambaye hajafungua mdomo siku nyingi.

Mwenye akili angeondoka. Yeye aliketi kiti cha jirani, cha mama yake, akaegemea upande wa kile kitupu, akanong'ona.

"Kama kweli upo, na kazi yako ni kuvuta, mvute yule binti. Mvute aishiwe, aondoke hapa."

Utepe wa kiti cha Fundi uliinuka. Ukarudi nyuma taratibu, na Mlezi akasikia maneno yake yakimtoka yakiwa na ubaridi, kama aliyefungua kinywa mbele ya jokofu. Hapo angeweza kunyamaza. Lakini wivu ukipata msikilizaji haunyamazi, na kilichokuwa chini kabisa kikapanda chenyewe.

"Na mama," alisema, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kwa shida, "kama hataki kunipenda mimi, basi pumzi yake iwe yangu. Asimpe mtu mwingine. Heri aikose kabisa."

Utepe ulisimama wima. Kisha ukaanguka, na Mlezi akachukua ndoo yake akatoka.

Siku ya tatu, katikati ya zoezi, Mwalimu alikuwa anahesabu. "Toeni. Moja, mbili, ta..." Tatu haikutoka. Alisimama mdomo wazi, mkono kooni, macho yakiwaomba wazee msaada, na wao kwa mazoea wakaendelea kupuliza, na kila walivyopuliza ndivyo utepe wa kiti cha Fundi ulivyonyooka kurudi nyuma, mkavu kama kisu. Mlezi ndiye aliyemdaka. Hospitali walisema ni pumu. Binti hakuwahi kuwa na pumu maishani mwake. Akapewa mapumziko, na mazoezi yakasimama.

Mlezi aliona huruma kidogo, na raha nyingi. Jioni hiyo alimpelekea mama uji mwenyewe, akaketi kando ya kitanda.

"Mwanangu," alisema mama.

"Abee, mama."

"Mwanangu."

Mama alimshika kifundo cha mkono, akamtazama yeye, si mwingine. Siku mbili hakutaka kulishwa wala kuogeshwa na mtu mwingine yeyote. Kila Mlezi alipoingia mama alisema "mwanangu", na kila alipotoka alisema "mwanangu", na Mlezi akapita kwenye korido akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu utotoni. Mzee Stesheni alimtania, "Leo dada umevaa uso mpya. Umenunua wapi, nami nikachukue?"

Siku ya tatu alianza kuhesabu. Alikuwa anamfunga mama vifungo vya gauni, na mama akasema "mwanangu", halafu "mwanangu", halafu "mwanangu", na Mlezi akagundua kwamba katikati ya neno na neno hakuna kitu. Mama havuti. Kifua kilishuka, kikashuka tena, kikashuka tena, neno likitoka kila mara kwa ukubwa uleule, ila midomo ilikuwa imeanza kuwa ya samawati, na lile neno halikuwa tena na sauti ya mama ndani yake, lilikuwa hewa tu iliyokatwa kwa umbo la neno, ikitolewa na kitu kilichojua kwamba Mlezi analipenda. Na uso wa mama, ambao Mlezi alidhani unamtazama yeye, ulikuwa unatazama nyuma ya bega lake, kwenye korido, upande wa ukumbi.

Daktari wa nyumba alikuja, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akasema mapafu hayana maji wala homa, haelewi hewa inakwenda wapi. Aliacha mtungi wa oksijeni. Mshale wa kipimo cha mtungi ulishuka mpaka chini ndani ya saa mbili.

Saa nne asubuhi iliyofuata Mlezi alikwenda ukumbini. Viti vilikuwa kumi na tatu, vyote vitupu, na tepe kumi na mbili zimelala. Ule wa kiti cha Fundi ulikuwa umerudi nyuma na haukuanguka. Alingoja uanguke. Alisikia sauti, ndogo mwanzoni, akadhani ni bomba la maji; ikawa ni sauti ya mtu anayevuta hewa kwa pua, polepole, kwa raha, kama anayenusa nguo ya mtu ampendaye, na sauti ile ikaendelea kupita pale ambapo kifua cha binadamu kingejaa, ikapita pale ambapo vifua viwili vingejaa, ikaendelea, na kutoka chumba namba nne, mbali kule mwisho wa korido, kwa mdundo uleule, likaja neno lake, mwanangu, mwanangu, mwanangu.

"Usimwangalie sana," alisema mtu nyuma yake. "Ana wivu kuliko wewe."

Alikuwa Bibi Koti, mkaazi wa chumba namba tisa, aliyevaa koti la sufu jua na mvua. Zamani alikuwa mganga; watu walisafiri siku mbili kumfuata. Sasa alitembea akishika ukuta.

"Bibi, ni roho ya Fundi?"

"Fundi kafa, kapumzika. Mwache mzee wa watu." Alivuta hewa kidogo kabla ya kuendelea, alizungumza kwa vipande. "Kiti kitupu ukikipulizia kila siku, hakikai kitupu. Jini anapita zake, anaona watu kumi na wawili wanampa pumzi bure. Ataacha? Lakini alikuwa mpole. Ananusa tu. Kuna mtu amemtuma kazi."

Mlezi aliitazama sakafu.

"Mtoe, Bibi. Nakuomba."

"Mimi? Kifua changu hakimalizi hata shikamoo. Na mwenye kumwita ndiye mwenye kumtoa. Utaketi mbele yake, na mama yako awepo. Utasema ulichomwambia, chote, kwa pumzi moja. Ukivuta katikati, atavuta pamoja nawe, na hapo ndipo ataingia. Ukibakiza neno, umembakizia pa kukaa."

"Pumzi moja tu?"

"Moja. Mficha maradhi, mwanangu, kifo humuumbua."

Mlezi alijaribu palepale, kwenye kijiti cha mama yake. Alibana midomo, akapuliza. Utepe ulitikisika kwa hesabu ya mbili ukalala. Akarudia. Mbili. Yeye aliyepumua tangu kuzaliwa bila mwalimu alikuwa na pumzi ya kusema jina na salamu, basi. Kwenye korido neno lilikuwa linapungua sauti.

Akatoa simu. Kidole chake kilisita juu ya namba ya Mwalimu muda mrefu kuliko alivyopaswa, hata katika hali hiyo.

Mwalimu alifika baada ya nusu saa, amejifunga shali, anakoroma kifuani. Hakuuliza mengi. Bibi Koti alimweleza kwa vipande, na binti akasikiliza mpaka mwisho, pamoja na sehemu iliyomhusu. Kisha akasema, "Kaa chini, dada. Tuna muda mfupi."

Akaweka kiganja tumboni mwa Mlezi.

"Unapumua kwa mabega, ndiyo maana unachoka. Yashushe. Acha hewa ije huku chini, isukume mkono wangu. Vuta. Usiigombanie. Sasa toa, kidogokidogo, kama hutaki ijue inatoka."

Tatu. Nne. Mzee Stesheni na wengine walikuwa wamejikusanya mlangoni, na bila kuambiwa wakaanza kumhesabia kwa minong'ono. Sita. Tisa. Saa nzima binti aliyekuwa anakosa hewa alimfundisha mwenzake kuiweka, na Mlezi, hata hapo, mkono ule ukiwa tumboni mwake, alifikiri: ndivyo alivyomshika mama. Kumi na mbili. Kumi na tano.

"Inatosha," alisema Bibi Koti. "Mleteni."

Walimleta mama kwa kiti cha magurudumu, midomo ya samawati, macho wazi. Neno lilikuwa limebaki mtikisiko wa mdomo. Mlezi aliketi mbele ya kiti cha Fundi, magoti yake yakikaribia kugusa mto, na harufu ya kinywa kile ikamjia usoni. Akashusha mabega. Akavuta mpaka tumbo likajaa.

"Mimi ndiye niliyekuita, niliketi hapa saa nane mchana nikiwa na akili zangu timamu, nikakwambia umvute huyu binti aishiwe na aondoke, kwa sababu mama yangu amemwita mwanangu na mimi ananiita wewe, na wazee wanachana nywele kwa ajili yake na mimi hawajanipigia makofi hata siku moja kwa miaka kumi na tisa, na nilimwonea wivu mikono yake na sauti yake na magoti yake pale chini mbele ya mama yangu, na alipoanguka nilifurahi, nilifurahi nikimdaka, na sikutaki tena, sikutaki, ondoka."

Utepe ulitetemeka. Haukuanguka. Bado ulielekea nyuma, lakini umelegea, unangoja.

Tumboni mwa Mlezi pumzi ilikuwa bado ipo. Ya hesabu mbili, labda tatu. Ilitosha kabisa kwa maneno yaliyobaki. Akainua macho, na mama alikuwa anamtazama, safari hii yeye kweli, kwa macho ya mtu anayesikia na kuelewa kila kitu. Angewezaje kumwambia mama yake, usoni, mbele ya yule binti, kwamba alisema heri aikose pumzi kabisa? Mama angemchagua nani baada ya hapo?

Alifunga mdomo. Alimeza.

Utepe ukaanguka. Mguu wa kiti ukapasuka kwa mlio mkavu, harufu ikaisha ghafla, na mama akavuta hewa, ndefu, yenye mkwaruzo, kama mtoto aliyetoka majini. Akavuta ya pili. Wazee mlangoni walianza kulia na kucheka. Mwalimu alikohoa, akajishika kifua, na pumzi yake ikatoka safi.

"Umesema yote?" aliuliza Bibi Koti.

"Yote, Bibi."

"Yote aliyoyasikia yeye?"

"Nimesema yote."

Bibi Koti alifunga kifungo cha juu cha koti lake, ingawa kulikuwa na joto, akarudi chumbani akishika ukuta.

Kiti cha Fundi kilichomwa nyuma ya jiko siku ileile. Msimamizi alifuta ile desturi: kuanzia sasa, idadi ya viti iwe sawa na ya watu. Wiki mbili baadaye mazoezi yakaanza upya, na Mwalimu akamwomba Mlezi aketi nao, safari hii akakubali. Wazee walimpigia makofi alipoketi. Alisubiri makofi hayo miaka kumi na tisa, na yalipokuja aliyaona matamu kweli. Viti vikawa tena kumi na tatu, yeye ubavuni mwa mama yake.

"Mwanangu," alisema mama, akitabasamu, "leo umependeza."

"Asante, mama," alijibu Mwalimu kutoka katikati ya duara, maana ni yeye aliyekuwa akitazamwa.

Kitu kidogo kiligeuka tumboni mwa Mlezi, chini kabisa, pale alipofundishwa kuweka pumzi.

"Vuteni kwa pua," alisema Mwalimu. "Moja, mbili. Na toeni."

Mlezi alishusha mabega, akabana midomo kama anapoza chai, akapuliza. Tepe kumi na mbili zilinyooka mbele. Wa kwake ulirudi nyuma, ukamgusa midomo, ukaganda hapo. Alijaribu tena kutoa. Hewa ilikuja, ikaja, ikapita pale ambapo kifua chake kingejaa, na haikukoma.

Ubavuni mwake mama alianza kukohoa, na utepe wake, uliokuwa umenyooka vizuri kuelekea kwa Mwalimu, ukageuka polepole mpaka ukamwelekea binti yake.